George Anyona na kura ya asiyekuwepo

Kama ulizaliwa baada ya 2003, huenda jina la George Moseti Anyona umelisikia tu pale wazee wanapobishana kuhusu siasa Keroka au Nyamira mjini. Tulia kidogo umsome. Maisha ya huyu mzee yatakugusa, hasa kama una dada anayefanya kazi Ghuba, binamu aliyehamia Minnesota au kaka aliye jeshini.

Anyona alizaliwa 1945 huko Kitutu, enzi ambapo Nyamira ilikuwa bado haijawa wilaya. Alisoma hadi akafika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Mwaka 1974, akiwa bado kijana wa umri ambao leo wengi wanahangaika kutafuta kazi, watu wa Kitutu Mashariki walimpa kura akaenda Bungeni.

Huko hakukaa kimya. Chama kilikuwa KANU pekee, na mbunge mwerevu alijua maswali ya kutouliza. Yeye aliyauliza. Alipoanza kufukua habari za zabuni ya mabehewa ya reli, wakubwa walichoka naye. Mei 1977 alikamatwa katika majengo ya Bunge na kutupwa kizuizini.

Usichanganye kizuizini na jela ya kawaida. Mfungwa husomewa mashtaka, huhukumiwa, na hujua siku atakayotoka. Aliyezuiliwa hakuwa na kesi wala tarehe. Watu wa Kitutu nao wakabaki na mbunge ambaye hawangeweza kumpata hata wakimhitaji vipi.

Mzee Jomo Kenyatta alipofariki Agosti 1978, Rais mpya Daniel arap Moi aliwaachilia waliozuiliwa, Desemba 12 mwaka huo. Anyona alitoka siku hiyo pamoja na wengine kama mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na mbunge Martin Shikuku. Uchaguzi ukaja 1979, Anyona akataka kurudi kwa wananchi. Akazuiwa kuwania, sawa na Jaramogi Oginga Odinga.

Mwaka 1982 yeye na Jaramogi walipanga kuunda chama kipya. Wote wawili wakafukuzwa KANU, Anyona akarudishwa kizuizini. Mwezi Juni Bunge likapitisha kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Uchaguzi wa Septemba 1983 ulimpata akiwa ndani. Hangeweza kuwania, na hata kupiga kura kama raia wa kawaida hangeweza.

Sasa simama hapo. Sisi hudhani haki ya kura hupotea siku ya uchaguzi tu, pale masanduku yanapoibwa au hesabu inapochezewa. Maisha ya Anyona yanaonyesha njia nyingine isiyo na kelele: mtu anawekwa mbali na kituo, halafu mbona hakupiga kura, jibu ni rahisi. Hakuwepo.

Hakukoma. Julai 1990 alikamatwa tena pamoja na Edward Oyugi, Ngotho Kariuki na Njeru Kathangu, wakashtakiwa kwa uchochezi. Mwaka uliofuata wote wanne walihukumiwa miaka saba. Lakini nchi ilikuwa inabadilika. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na mapema 1992 wanne hao wakaachiliwa kwa dhamana wakisubiri rufaa.

Desemba 29, 1992, Anyona aliwania Kitutu Masaba kwa chama chake kidogo, Kenya Social Congress. Akashinda. Kilikuwa kiti pekee cha chama hicho nchini. Kati ya ushindi wake wa kwanza na huu wa pili ilikuwa imepita miaka 18.

Mwaka 1997 alikuwa mstari wa mbele katika mazungumzo ya IPPG yaliyoleta mageuzi kabla ya uchaguzi. Mwaka huohuo aliwania urais akashindwa vibaya, ila watu wake wakamrudisha Bungeni. Alipoteza kiti 2002, na Novemba 2003 akafariki katika ajali ya barabarani.

Hakuishi kuona yaliyofuata. Mwaka 2010 wafungwa waliruhusiwa na mahakama kupiga kura ya maamuzi kuhusu Katiba. Katiba hiyo ikaagiza Wakenya walio ng'ambo nao waandikishwe hatua kwa hatua. Mwaka 2013 walipiga kura walio Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Mwaka 2017 ikaongezwa Afrika Kusini, na 2022 nchi zikafika 12.

Vizuri, lakini angalia idadi: 2022 waliojiandikisha ng'ambo walikuwa 10,443 pekee. Unawajua Abagusii wangapi walio nje? Binamu yako wa Minnesota hakuwa na kituo karibu. Marekani nzima vituo vilikuwa Washington, New York na Los Angeles, kwa hivyo kura moja ilitaka tikiti ya ndege. Dada aliye Qatar alikuwa na pa kwenda. Aliye Saudia hakuwa, kwani nchi hiyo haikuwa kwenye orodha. Na wote hao walichagua rais tu, si gavana wala mbunge wa nyumbani.

Linganisha na Marekani. Sheria yao ya 2009 inataka karatasi za kura za uchaguzi wa kitaifa zitumwe kwa wanajeshi na raia walio mbali walioziomba angalau siku 45 kabla ya uchaguzi, ili zifike, zijazwe na zirudi kwa wakati. Kwa hivyo kijana wa Kisii aliyepata uraia huko na kujiunga na jeshi lao, akiomba, hutumiwa kura hadi alipo. Kaka yake aliye jeshi la Kenya sharti afike mwenyewe kwenye kituo alichojiandikisha, na akiwa kazini mbali, siku inampita.

Hakuna anayesema kina dada hawa wamezuiliwa kama Anyona. Lakini matokeo kwenye fomu ya kituo ni yaleyale: nafasi tupu. Tofauti ni kwamba hii inaweza kurekebishwa kwa kupanga mapema, na uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027.

Kwa hivyo mpigie dada simu leo. Muulize kama pasipoti yake haijaisha muda na kama anajua kituo kilicho karibu naye. Kisha mgombea akija kuomba kura kwenu, Manga au Gesima, muulize yeye ana mpango gani na wale wa boma lenu ambao hawapo.