Daktari Bilharz na Adui wa Majini

Askari anayelitumikia taifa katika wilaya za Tororo na Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, hawezi kuyakwepa maji. Toka vinamasi vya Nagongera hadi ufuko wa Ziwa Victoria huko Majanji, doria humlazimu kuvuka vijito na mashamba ya mpunga. Majini hukaa konokono wadogo, na ndani ya baadhi yao hukua vimelea vya kichocho. Yafaa basi tumkumbuke mtu aliyemfichua adui huyo.

Theodor Bilharz alizaliwa tarehe 23 Machi, 1825, mjini Sigmaringen, Ujerumani. Baada ya kuhitimu udaktari alikwenda Misri mwaka 1850 pamoja na mwalimu wake, Wilhelm Griesinger. Mwaka uliofuata, akipasua maiti katika hospitali ya Kasr el-Aini jijini Cairo, aliona minyoo katika mshipa mkubwa wa damu uingiao ini. Hiyo ndiyo iliyowafanya Wamisri wengi wakojoe damu. Bilharz alikuwa kijana wa miaka 26 tu.

Mwaka 1862 alifuatana na msafara wa mtawala Ernst wa Pili wa Saxe-Coburg-Gotha hadi Massawa, pwani ya Bahari ya Shamu. Huko alimtibu mgonjwa wa homa ya taifasi, naye akaambukizwa. Alifariki Cairo tarehe 9 Mei, akiwa na umri wa miaka 37. Alikuwa amemjua adui, lakini hakuijua njia yake.

Njia hiyo ilifichuliwa mwaka 1915 kwa ajili ya askari. Uingereza, ikiwahofia wanajeshi wake walioko Misri, ilimtuma Robert Leiper. Alithibitisha kwamba mayai yatokayo katika mkojo au kinyesi cha mgonjwa huanguliwa majini. Vimelea humwingia konokono, huongezeka humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu.

Sisi wa leo tunazijua habari zote mbili, na dawa ya prazikwanteli ipo. Tuvuke darajani palipo na daraja. Maji ya kuoga tuyachemshe, au tuyaweke pipani siku mbili bila konokono, maana kimelea kilichokosa ngozi hufa. Aliyelowa mara kwa mara akapimwe zahanatini. Zaidi ya yote, tusijisaidie majini kamwe. Askari mgonjwa anayekojoa kijitoni humhatarisha mwenzake anayemfuata nyuma, pamoja na mwanakijiji aliyetumwa kumlinda.