SEYYID SAID BIN SULTAN: ALIKUJA KUONA KWANZA, NDIPO AKAHAMA



Ama baada ya kumshukuru Allah (S.W.T.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ningependa ndugu msomaji tukae kidogo na maisha ya mtu ambaye sote tulimsoma darasani, kisha tukamsahau mara tu baada ya mtihani. Shuleni tunaambiwa kwamba Seyyid Said alihamisha makao yake kutoka Maskati hadi Unguja mwaka 1840, tunapewa sababu sita saba za kukariri, basi, imekwisha. Utadhani bwana yule aliamka asubuhi moja, akafunga mizigo na kutweka tanga. Mambo hayakuwa hivyo. Tangu alipokuja mara ya kwanza hadi alipohamia ilipita miaka 12, na katika miaka hiyo alikwenda na kurudi mara kadhaa.

Nimemchagua kwa sababu jambo lenyewe liko hapa hapa kwetu. Gataka, Kitengela na Kajiado kwa jumla, familia nyingi za Kiislamu zilitoka kwengine: Mombasa, Garissa, Majengo, Kibra. Na sasa ukikaa na vijana baada ya tarawehe, mazungumzo ni kuhama tena. Huyu anataka Qatar, yule Saudia, mwengine ameambiwa Kanada ni kuzuri na anataka kubeba mke na watoto kwa mara moja. Hebu basi tumtazame mzee huyu alivyofanya, mazuri yake na mabaya yake.

Seyyid Said alizaliwa mwaka 1791 huko Samail, Oman, katika ukoo wa Al Busaidi. Babu yake, Imam Ahmad bin Said, ndiye aliyeanzisha utawala wa ukoo huo. Baba yake, Seyyid Sultan bin Ahmad, aliuawa baharini mwaka 1804, na Said akabaki kijana wa miaka 13 katika nyumba iliyojaa wagombea. Shangazi yake, Bibi Moza binti Ahmad, ndiye aliyesimama imara mambo yasiharibike. Dada zangu mnaoambiwa kwamba mwanamke wa Kiislamu zamani hakuwa na neno, mtafuteni bibi huyu katika historia. Binamu yake Badr bin Seif akashika madaraka, na mwaka 1806 Said akamuua. Ndiyo, alimuua binamu yake, naye hajafika hata miaka 16. Sina haja ya kulipamba hilo. Ufalme wa zama hizo ulipatikana hivyo, na damu ile ni mzigo wa aliyeimwaga.

Kwa miaka 20 iliyofuata hakupumzika. Makabila ya bara yalimsumbua, Mawahabi kutoka Najd walimtoza mali, watu wa Sohar walikuwa na jamaa yake waliyemtaka badala yake. Na Oman yenyewe, ukitoa tende, samaki na biashara ya bahari, haina mengi. Mvua ni haba, na mashamba yanaishi kwa mifereji ya aflaj inayovuta maji kutoka chini ya ardhi. Mwambao wa huku Waomani waliujua toka karne ya 17, walipowafukuza Wareno. Unguja ilikuwa na liwali wa Kiomani, na mapato yake yalipelekwa Maskati. Lakini Said mwenyewe alikuwa hajawahi kuikanyaga. Alikuwa anahesabu pesa za nchi asiyoijua.

Mwishoni mwa mwaka 1827 akaondoka Maskati na msafara wa majahazi na manowari, yeye mwenyewe akiwa katika merikebu yake kubwa Liverpool, iliyoundwa Bombay na kushushwa majini mwaka 1826, ikiwa na zaidi ya mizinga 70. Hiyo haikuwa safari ya matembezi, nisikudanganye. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa Mombasa. Mazrui waliokuwa wakitawala pale hawakumtambua, na walikuwa wamewahi hata kujiweka chini ya bendera ya Waingereza kuanzia 1824 hadi 1826 ili wamkwepe. Januari 1828 akafika, mizinga ikalia, kisha yakafanywa mapatano: aweke askari wake ndani ya Ngome ya Yesu, na Salim bin Ahmad al-Mazrui aendelee kutawala mji. Mapatano yale hayakudumu. Askari wake walifukuzwa baadaye.

Kutoka Mombasa akaenda Unguja, na hapa ndipo penye kisa changu. Alikaa kama miezi mitatu hivi. Mtu aliyezoea mawe ya Maskati, mji uliobanwa na majabali hata joto likipanda halina pa kutokea, akaona kisiwa cha kijani. Akaona maji matamu yanayotiririka yenyewe mpaka pwani. Akaona bandari ambayo merikebu yake kubwa inaweza kutia nanga bila taabu, na ng'ambo yake bara ambako pembe za ndovu zilikuwa zinateremka. Akaona pia miti michache ya karafuu, ambayo Mwarabu mmoja aliyeitwa Saleh bin Haramil alikuwa ameshaileta kutoka visiwa vya Wafaransa vya upande wa Mauritius. Wengine waliiona miti ile kama kitu cha bustani tu. Said aliona mali. Mashamba ya Saleh, likiwemo la Mtoni, aliyachukua mwenyewe, na Mtoni akaanza kujenga nyumba. Angalieni mpangilio wake vijana wenzangu: nyumba imeanza kujengwa, lakini familia bado iko Maskati.

Kisha akarudi. Huko kwao fitina ilikuwa imewaka tena, na ilimbidi aondoke. Akaja tena baada ya muda, akarudi tena, akaja tena. Mara moja alijaribu kuipiga Mombasa akashindwa. Mwaka 1833 alipeleka posa kwa Malkia Ranavalona wa Madagascar pamoja na ombi la askari, na malkia akaikataa posa ile kwa adabu. (Hata wafalme huambiwa hapana.) Ndiyo maana vitabu vinagongana: kimoja kinasema alihamia 1832, kingine 1840. Hakuhama kwa siku moja, alihama kidogo kidogo.

Jambo hili la kutanguliza watu au kutangulia mwenyewe si geni katika dini yetu. Katika mwaka wa tano wa utume, Maswahaba waliokwenda kwanza Habasha walikuwa kikundi kidogo tu, miongoni mwao Sayyidna Uthman bin Affan na mkewe Bibi Ruqayyah, binti wa Mtume (S.A.W.). Waliishi kwa Najashi wakaona uadilifu wake. Baadaye ndipo likaenda kundi kubwa la watu zaidi ya 80. Na Madina pia, kabla ya hijra alitumwa Mus'ab bin Umayr, akasomesha, akawajua watu na nyumba zao. Simlinganishi Seyyid Said na Maswahaba, hasha. Wale walihama kwa ajili ya dini yao na huyu alihama kwa ajili ya ufalme na biashara. Ninachosema ni kwamba kutazama kabla ya kupeleka watoto si woga.

Na kutazama kwenyewe kuna namna. Mtu akija kununua ploti Kitengela wakati wa kiangazi, ataona uwanda mzuri na hewa safi, atalipa. Ule udongo mweusi hataujua mpaka mvua inyeshe na gari likwame hatua chache kutoka mlangoni. Said alikuja na upepo wa kaskazi, wakati bahari imetulia na vyombo vya Arabuni vimejaa bandarini. Lau angeondoka baada ya wiki moja angebaki na picha ya kaskazi peke yake. Kuja kwake mara kwa mara, miaka tofauti, ndiko kulikomwonesha kusi, masika, magonjwa, watu wenye mji wao na Mwinyi Mkuu wao, na jinsi mambo ya Oman yanavyokwenda yeye akiwa hayupo.

Mwaka 1837 ndipo Mombasa ilipoanguka. Baada ya kufa Salim bin Ahmad mwaka 1835, Mazrui waligombana wao kwa wao, na Said akaitumia nafasi hiyo. Mwanawe Khalid aliwakamata wakubwa wao, wakapakiwa merikebuni na kupelekwa Bandar Abbas, na hawakurudi. Waliobaki walitawanyika, wengine wakaenda Gazi, wengine Takaungu. Nalisema hili kwa makusudi. Mtu mmoja alipata miaka 12 ya kuichungulia nchi kabla ya kuhamisha watoto wake, na katika miaka hiyo hiyo aliwahamisha watoto wa wenzake kwa siku moja bila kuwauliza. Mwambao una familia ambazo hazijasahau.

Na kuna wengine ambao hawakuulizwa kabisa. Karafuu inataka watu wa kulima, kupalilia na kupanda mtini kuchuma. Said alipofika na kukaa, aliamuru wenye mashamba wapande karafuu tatu kwa kila mnazi mmoja, naye mwenyewe akawa na mashamba 45. Kazi ile ilifanywa na watumwa, waliotolewa bara hadi pande za Ziwa Nyasa, wakatembezwa kwa miguu kuja pwani. Alitia saini mikataba na Waingereza mwaka 1822 na 1845 ya kupunguza biashara hiyo, lakini ndani ya milki yake iliendelea, na soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, yeye keshafariki. Wako Waislamu wanaopenda kuipita sehemu hii kwa haraka. Mimi naona utajiri wa Unguja hauelezeki bila jasho la watu wale, na wengi wa watoto wao ni Waislamu, ndugu zetu.

Mwaka 1840 alikuja na watu wake kukaa. Alipofika alikuwa ameshaandaa mengi. Mkataba wa biashara na Marekani ulikuwa umetiwa saini 1833, na Uingereza 1839. Mwaka huo huo wa 1840 merikebu yake Sultanah, chini ya Ahmad bin Na'aman, ilifika New York na kuwashangaza watu wa huko, Waarabu na karafuu na zawadi za farasi kwa Rais. Ushuru wa forodha alimkodisha Mhindi Jairam Shivji. Na katika dini, yeye alikuwa Ibadhi na wenyeji wake wengi walikuwa Shafii, lakini hakuwalazimisha. Kila madhehebu walikuwa na kadhi wao, na upande wa Shafii akawa Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, mwanachuoni wa Barawa. Makadhi hao wa mwambao ndio mizizi ya Mahakama za Kadhi tulizonazo Kenya leo, ambazo zililindwa katika makubaliano ya 1895, yale ya 1963, na hatimaye Katiba ya 2010.

Nyumbani Mtoni palijaa. Binti yake Salma, aliyezaliwa 1844 na kuja kuandika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1886, ameeleza ua mkubwa wenye mto unaopita, mabirika ya kuogea, na watu kama elfu moja wanaoishi humo. Mke mkubwa, Bibi Azza binti Seif, hakujaaliwa mtoto. Watoto walizaliwa na masuria wa Kisirkasi na wa Kihabeshi, na waliokuwa hai baba yao alipofariki walikuwa 36. Wengi wao Oman hawakuijua. Hapo ndipo lilipokuwa tatizo ambalo ziara zote zile hazikumwonesha. Mwanawe Thuwaini alikuwa kule akishika Maskati, Majid alikuwa huku, na kila mmoja alikua akiiona nchi aliyomo kuwa ndiyo nchi.

Mwaka 1854 ilimbidi Said aende tena Oman, kwa sababu ya ugomvi na Waajemi juu ya Bandar Abbas. Alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 60. Khalid, aliyeachwa Unguja kama naibu, alifariki mwaka huo huo, na Majid akashika nafasi. Mambo yalipotulia Said akapanda merikebu yake Victoria kurudi Unguja. Hakuwahi kufika akiwa hai. Tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, alifariki baharini kama baba yake, ila yeye kwa maradhi. Mwanawe Barghash aliyekuwa naye hakuuzamisha mwili baharini. Aliufikisha Unguja, akauzika usiku kwa siri katika makaburi ya Makusurani, na usiku huo huo akajaribu kunyakua utawala, asifanikiwe.

Ndugu waligombana mpaka Waingereza wakaingia kati. Mwaka 1861 milki ikakatwa mbili, Oman kwa Thuwaini na Unguja kwa Majid, na Majid akatakiwa kupeleka Maskati riali 40,000 kila mwaka. Salma naye mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri, akaolewa Aden na mfanyabiashara Mjerumani na kubatizwa huko, kisha akaenda Hamburg, nchi ambayo hakuwahi kuiona. Mumewe alikufa mwaka 1870 akamwachia watoto watatu wadogo. Alipokuja Unguja mwaka 1885 kudai urithi wake, Barghash, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mtawala, alikataa kumpokea. Alirudi Ulaya, na alifariki Jena mwaka 1924.