Makhan Singh na Ujira wa Rangi

Ndugu zetu Waislamu, tulipita Kapsoit, katika nchi ya chai ya Kericho, tukaona wachumaji wa makabila mbalimbali wakifanya kazi safu moja. Tukakumbuka miaka ya 1992 na 2008, jirani alipomfukuza jirani kwa ajili ya kabila lake. Hapo alitujia moyoni marehemu Makhan Singh.

Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Kenya mwaka 1927. Serikali ya Kiingereza ilipima mishahara kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi kati, Mwafrika chini. Yeye alitambua kuwa dhuluma hiyo ndiyo mbegu ya chuki. Mwaka 1935 alishika uongozi wa chama cha wafanyikazi wa Kihindi, akakifungua kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunganisha vyama kadhaa. Alikamatwa mwaka 1950, akawekwa kizuizini hadi 1961. Alifariki mwaka 1973.

Hakuwa wa dini yetu. Basi sisi, ambao dini yetu imekataza kujifakhiri kwa nasaba, twawalipaje watumishi wetu, na twawaitaje watu wa bara?