James Chuma: Mateka Aliyerudi Bara kwa Njia ya Watumwa

Mgeni anayefika Mikindani, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji wa Mtwara, huonyeshwa nyumba ya kale yenye kibao kinachomtaja Dkt. David Livingstone, mmisionari na msafiri mashuhuri wa Kiskoti aliyeshuka katika bandari hiyo mwaka 1866. Ni wachache wanaoambiwa kwamba katika msafara ule alikuwamo pia kijana wa Kiyao mwenye umri wa karibu miaka kumi na sita. Jina lake ni Chuma, aliyebatizwa James.

Chuma hakuwa Mlutheri. Alibatizwa na wamisionari wa Kanisa Huru la Scotland, akafanya kazi na Waanglikana, akafariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hata hivyo, tunapohesabu miaka 100 ya usharika wetu, ni haki tuwakumbuke pia waliopita katika nchi hii kabla yetu. Maisha ya Chuma yalikuwa na mambo ambayo watu wachache sana waliyaona, na sehemu muhimu ya maisha hayo ilipita hapa kwetu, kati ya Mikindani, Lindi, Masasi na Mto Ruvuma.

Utoto na utumwa

Chuma alizaliwa karibu mwaka 1850 katika nchi ya Wayao, upande wa Ziwa Chilwa, ambako leo ni Malawi. Zilikuwa nyakati mbaya. Vita na njaa vilisumbua watu, na biashara ya watumwa ilikuwa imeingia hadi vijijini. Mateka waliuzwa kwa wafanyabiashara wa Kireno kwa njia ya Mto Zambezi, au walipelekwa mashariki hadi Kilwa na bandari nyingine za pwani yetu, na kutoka huko wengi walivushwa hadi Unguja. Chuma naye alikamatwa na kuuzwa akiwa mtoto. Mwenyewe aliamini kuwa ni Wamang'anja waliomkamata, lakini Livingstone alisadiki kwamba waliomuuza ni Wayao wenzake. Hili halikuwa jambo dogo kwa mtoto. Asiyejua ni nani aliyemuuza hajui pia arudi kwa nani.

Tarehe 16 Julai 1861 msafara wa watumwa ulipita katika kijiji cha Mbame, kwenye nyanda za juu za Shire. Livingstone alikuwapo pamoja na Askofu Charles Mackenzie na wamisionari wa kwanza wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iliyojulikana baadaye kwa kifupi UMCA. Wasimamizi wa msafara walipowaona Wazungu walikimbia. Makongwa yakakatwa kwa msumeno, na watu 84, wengi wao wanawake na watoto, wakawekwa huru. Mmoja wao alikuwa Chuma, mwenye umri wa miaka kumi na moja hivi, na mwingine alikuwa rafiki yake Wikatani.

Watoto hao walilelewa katika kituo cha misheni huko Magomero. Lakini kituo chenyewe hakikudumu. Askofu Mackenzie alifariki mwezi Januari 1862, homa na njaa ziliua wengi, na mwaka 1864 misheni iliondoka nchi hiyo na kuhamia Unguja. Watoto waliookolewa walibaki bila mlezi kwa mara ya pili.

Bombay na ubatizo

Livingstone aliwachukua Chuma na Wikatani katika meli yake ndogo iitwayo Lady Nyassa, iliyotengenezwa kwa ajili ya ziwa wala si kwa ajili ya bahari kuu. Mwishoni mwa Aprili 1864 meli hiyo iliondoka Unguja kuelekea India, na baada ya siku 45 ikafika Bombay. Vijana wa bara, waliozoea maji ya ziwa na mito, walikuwa wamevuka Bahari ya Hindi kabla hawajafikisha umri wa utu uzima.

Huko Bombay walisoma katika shule ya misheni ya Dkt. John Wilson, na mwezi Desemba 1865 Chuma akabatizwa na kupewa jina la James. Alijifunza Kiingereza, na kwa kuwa alijua pia Kiyao na baadaye Kiswahili, akawa mtu anayeweza kusema na watu wengi bila mkalimani. Elimu hiyo ndiyo iliyomfanya Livingstone amchukue tena alipoanza safari yake ya mwisho.

Kushuka Mikindani

Mwezi Machi 1866 manowari ya Kiingereza iitwayo Penguin ilifika katika mdomo wa Mto Ruvuma. Msafara ulikuwa na askari 13 wa Kihindi, watu 10 wa Anjouan katika visiwa vya Komoro, vijana 9 Waafrika waliosomeshwa Nasik huko India, watu wawili wa Shupanga waitwao Susi na Amoda, pamoja na Chuma na Wikatani. Walikuwamo pia ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda. Wote wanaoijua ile delta yetu, jinsi mikoko na matope yanavyoziba ukingo, watafahamu kwa nini wanyama hao hawakuweza kushushwa pale. Meli ikageuka kaskazini, na tarehe 24 Machi wakashuka katika ghuba ya Mikindani.

Kutoka Mikindani walielekea kusini-magharibi kuutafuta Mto Ruvuma. Msitu ulikuwa mnene, na Wamakonde waliajiriwa wafyeke njia kwa mashoka ili ngamia wapite. Kadiri walivyopanda mto ndivyo walivyoona mabaki ya biashara ya watumwa: vijiji vilivyoachwa, makongwa yaliyotupwa, na maiti za watu walioshindwa kuendelea kutembea. Kwa Livingstone hayo yalikuwa mambo ya kuandika katika daftari. Kwa Chuma ilikuwa njia ambayo yeye mwenyewe angeweza kuswagwa akiwa mtoto. Sasa aliipita akitoka pwani kwenda bara, shingo yake ikiwa huru.

Walipofika kusini mwa Ziwa Nyasa, Wikatani alipata habari za ndugu zake akaamua kubaki. Chuma alivutwa naye abaki pia, lakini mwishowe aliendelea na safari. Watu wa Anjouan walitoroka, wakarudi pwani na uongo kwamba Livingstone ameuawa.

Tusimfanye Chuma kuwa malaika. Mwaka 1868, Livingstone alipotaka kwenda Ziwa Bangweulu wakati watu wamechoka na vita vimezunguka, Chuma na Susi walikuwa miongoni mwa waliokataa kumfuata. Aliporudi aliwapokea tena bila adhabu kubwa, kwa kuwa aliutambua udhaifu wake mwenyewe. Wale waliomwacha mwaka huo ndio hao hao waliokuja kumbeba baada ya miaka mitano. Uaminifu wao haukuwa wa watu wasiojua kuchoka. Ulikuwa wa watu waliochoka, wakaondoka, kisha wakarudi.

Mzigo kutoka Chitambo

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha mtawala Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake wapatao sitini walikuwa mbali na pwani, hawana Mzungu wa kuwaamuru, na kila mmoja alijua hatari ya kusafiri na maiti. Wangeweza kumzika pale na kwenda zao, wala hakuna ambaye angewalaumu. Chini ya uongozi wa Susi na Chuma waliamua vingine. Moyo wake waliuzika chini ya mti, naye Jacob Wainwright, mmoja wa vijana wa Nasik, akasoma ibada ya mazishi na kuchonga maandishi katika shina la mti huo. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha kwa jua muda wa majuma mawili, wakaufunga kwa nguo, magome ya mti na turubai.

Safari yao ilikuwa ya zaidi ya kilomita 1,600, na ilichukua muda wa miezi tisa hivi. Karibu na Tabora walikutana na Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kumtafuta Livingstone, naye akawashauri wamzike hapo. Walikataa kwa adabu, nao hawakubadili nia. Mbele zaidi, wenyeji walipozuia maiti isipite katika nchi yao, walitangaza kwamba wanairudisha nyuma. Wakatuma watu na mzigo wa uongo, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na mtumba wa nguo za biashara. Hivyo ukafika Bagamoyo mwezi Februari 1874.

Hapo yalitokea mambo yanayohuzunisha. Mwili ulipokelewa na ofisi ya ubalozi wa Uingereza, na waliouleta walilipwa mishahara yao na kuachwa. Ni Jacob Wainwright peke yake aliyelipiwa nauli na wamisionari, akawa mmoja wa wabeba jeneza katika Westminster Abbey huko London tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi, waliouongoza msafara huo tangu Chitambo hadi baharini, hawakuwapo mazikoni.

Baadaye James Young, rafiki wa Livingstone, aliwalipia safari wakafika Uingereza. Walikaa na Mchungaji Horace Waller katika kijiji cha Twywell, wakamsaidia kuyapanga madaftari ya marehemu na kumweleza yale ambayo hayakuandikwa. Kitabu cha safari za mwisho za Livingstone kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1874 kisingekamilika bila kumbukumbu zao. Chama cha Kifalme cha Jiografia kilitengeneza nishani 60 za fedha kwa ajili ya watu wa msafara ule.

Kurudi bara na watu huru

Chuma angeweza kuishi kwa sifa hiyo moja. Badala yake alirudi Unguja mwaka 1874 akaingia katika kazi ya UMCA kama kiongozi wa misafara. Kazi hiyo haikuwa ya mtu yeyote. Kiongozi alipaswa kuajiri wapagazi, kugawa mizigo, kujua mahali penye maji, kupatana na wakuu wa vijiji juu ya hongo, kuamua magomvi, na kuhakikisha kwamba watu wamekula.

Mwaka 1875 alimwongoza Askofu Edward Steere kutoka Lindi hadi Mwembe, mji wa mtawala Mataka wa Wayao, ambao Chuma aliujua tangu safari ya mwaka 1866. Mwaka uliofuata waliondoka tena Lindi, safari hii wakiwa na watu wapatao hamsini waliokombolewa utumwani na kulelewa na misheni huko Unguja. Wengi wao walitoka nchi za Ziwa Nyasa, na nia ilikuwa kuwarudisha kwao. Walipofika Masasi mwezi Novemba 1876, watu wakaipenda nchi ile yenye maji na milima ya mawe, wakaomba wakae hapo. Kijiji hicho cha watu huru ndicho chanzo cha Kanisa la Anglikana la Masasi.

Tutafakari jambo hilo. Miaka kumi na mitano kabla yake, Chuma alikuwa mtoto katika msafara wa watumwa. Sasa aliongoza wanaume na wanawake waliokuwa watumwa, akiwarudisha bara kwa njia ambazo misafara ya watumwa ilikuwa ikizipita kuja pwani. Kama maisha yake yana jambo moja la kukumbukwa hapa kusini, nadhani ni hilo, kuliko hata mzigo wa Chitambo.

Mwisho wa safari

Mwaka 1879 Chuma aliongoza msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia chini ya Keith Johnston. Johnston alifariki mwezi Juni huko Behobeho, na msafara ukabaki mikononi mwa Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Kwa uzoefu wa Chuma walifika Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wakarudi pwani mwaka 1880 bila kupigana na watu wa njiani.

Mwezi Julai 1881 Chuma alishuka tena Mikindani, miaka kumi na mitano baada ya mara ya kwanza. Sultani Barghash wa Unguja alikuwa amemtuma Thomson kutafuta makaa ya mawe katika bonde la Ruvuma na kijito chake cha Lugenda. Walifika mahali palipotajwa, lakini mawe waliyoyakuta hayakufaa kwa kazi iliyokusudiwa. Ilikuwa safari yake kubwa ya mwisho. Mwaka 1882 James Chuma alifariki huko Unguja kwa ugonjwa wa kifua kikuu, akihudumiwa na UMCA, akiwa na umri wa karibu miaka 32. Mwaka huo huo kijiji cha Masasi kilishambuliwa, watu wengine wakachukuliwa mateka, na misheni ikalazimika kuhamia Newala. Kazi aliyoisaidia ilitikisika, lakini haikufa.

Chuma hakuacha kitabu kilichoandikwa kwa mkono wake. Tunamjua kwa sehemu kubwa kupitia maandiko ya wale aliowaongoza, nao waliandika zaidi juu ya walikokwenda kuliko juu ya aliyewafikisha. Wapendwa wasomaji, ninyi mnaosafiri siku hizi kwa basi kutoka Mtwara kwenda Newala, Masasi au Tunduru, mnapita katika nchi ambayo Chuma aliitembea kwa miguu. Na wageni wetu wa dayosisi watakapopelekwa Mikindani kuonyeshwa ile nyumba yenye kibao, nawaomba wenyeji wao walitaje na jina la pili.