Simon Kimbangu, mufungwa wa Elisabethville: karatasi ya kanisa ilifika nyuma ya kifo chake

Tangu 2023, kila tarehe 6 ya mwezi wa ine ni siku ya kupumzika mu inchi yote, juu ya kukumbuka Simon Kimbangu. Mu kambi watu wanafurahi kulala kidogo asubuhi. Lakini ukiwauliza huyu mutu alikufia wapi, wengi watakujibu: kule kwao, Bas-Congo. Hapana. Alikufia hapa kwetu, mu muji wa shaba, wakati ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville. Aliingia mu gereza akiwa kijana wa miaka 34, na hakutoka tena. Alikaa ndani miaka 30. Mutoto aliyezaliwa mu kambi ya Union Minière ule mwaka Kimbangu alifika, aliweza kukua, kuingia ku kazi, kuoa na kuzaa watoto wake, na Kimbangu alikuwa angali mule ndani.

Na kosa lake? Ukitoa maneno makubwa ya tribinali, inabaki hii: alikusanya watu kuomba Mungu bila ruhusa ya Leta. Leo mu kila avenue kunazaliwa kanisa mupya, na majirani wanauliza: hii nayo ni dini, ao ni kudanganya watu tu? Leta iipe karatasi, ao iifunge? Ile swali si ya leo. Wabelji waliiuliza mu 1921, na walijibu vibaya. Njo maana tunasimulia maisha ya huyu mutu.

Kimbangu alizaliwa mu 1887 ku N'kamba, kijiji cha Wakongo karibu na Ngombe-Lutete. Ule wakati Kongo haikuwa bado koloni ya Ubelji. Ilikuwa sawa mali ya mfalme Leopold peke yake. Mama yake alikufa mapema, na Kimbangu akalelewa na mwanamuke wa jamaa yake, jina lake Kinzembo. Ku Ngombe-Lutete kulikuwa misioni ya Wabaptisti wa Uingereza. Pale alijifunza kusoma, pale akashika Biblia mu Kikongo, na pale akabatizwa mu 1915 pamoja na muke wake, Marie Muilu. Walizaa watoto watatu, wote wanaume: Kisolokele, Dialungana na Diangienda. Tuwashike hawa watatu mu kichwa, tutawakuta tena mbele.

Alifanya kazi ya katekista, mutu wa kufundisha wengine Neno mu vijiji. Mu 1918 ikafika ile gripi ya nguvu iliyopita dunia yote, ikaua watu mingi. Waaminifu wake wanasema kwamba ule mwaka njo sauti ilianza kumuita achunge watu wa Mungu. Yeye alikataa. Alikimbia mpaka Kinshasa kutafuta kazi, kama kijana yeyote anavyokimbilia muji. Kule nako, wanasema, sauti ikamufuata. Akarudi kijijini.

Siku ya tarehe 6 mwezi wa ine 1921, alipita kijiji cha Ngombe-Kinsuka, akaingia mu nyumba ya mwanamuke mugonjwa, akaomba na kumuwekea mikono. Waaminifu wanashuhudia kwamba yule mwanamuke alipona. Kama alipona kweli, mimi si muganga wala si juji wa mambo kama ile. Lakini kitu kilichofuata, hakuna mutu anakikana. Habari ilienda mbio kupita posta ya Wazungu. Mu wiki chache watu walikuwa wanafika N'kamba kwa maelfu, wengine wakibeba wagonjwa ku machela, wengine wakibeba hata maiti. Hospitali za misioni zikabaki tupu. Waboi waliacha majiko ya mabwana wao, watu wa kazi waliacha kazi, viti vya misa vikapunguka watu.

Na alihubiri nini? Hapa wengi wanakosea. Kimbangu hakuhubiri bunduki. Aliwaambia watu watupe nkisi zao, ile miti na sanamu za uganga. Aliwaambia mwanaume awe na muke mumoja. Alikataza pombe na ngoma za uchafu. Ukitazama vizuri, ni mambo yale yale wamisionari walikuwa wanafundisha miaka mingi, na watu walikuwa wanasikia kwa sikio moja. Mu miezi michache nkisi zilitupwa pembeni ya njia. Tofauti ilikuwa moja tu: aliyesema hakuwa Muzungu. Watu walimuita ngunza, maana yake mu Kikongo ni nabii.

Tusiseme kwamba woga wa Leta ulikuwa wa bure kabisa. Nyuma ya Kimbangu walisimama wangunza wengine, hapa na pale, na kati yao kulikuwa watu waliosema Wazungu karibu watarudi kwao, tena kodi isilipwe. Ile maneno ilifika mu masikio ya waajiri na mapadri wa Kikatoliki, na wao wakakaza Leta: fanya kitu. Kwa Leta, yule aliyesema kodi isilipwe na yule aliyesema tupa nkisi, wote walikuwa mutu mumoja.

Administrateur wa Thysville, bwana Morel, alienda kuangalia mwenyewe mu mwezi wa tano. Tarehe 6 mwezi wa sita alirudi na askari juu ya kumukamata. Kukawa fujo, askari wakapiga bunduki, na mu ile fujo Kimbangu akapotea. Alijificha miezi mitatu. Leta ilitafuta, haikumuona, watu hawakumutoa. Kisha, tarehe 12 mwezi wa kenda, akarudi mwenyewe N'kamba na kujitoa mu mikono yao. Mutu anayetaka vita hafanyi vile.

Thysville, ile leo tunaita Mbanza-Ngungu, ilikuwa imewekwa chini ya sheria ya kijeshi. Kwa hiyo Kimbangu hakupelekwa mbele ya juji wa kawaida. Alisimama mbele ya tribinali ya askari, na mukubwa wake alikuwa komanda De Rossi. Hakupewa avoka wa kumutetea. Tarehe 3 mwezi wa kumi 1921 hukumu ikasomwa: fimbo 120, kisha kifo. Kosa: kuvunja usalama wa Leta na amani ya watu. Soma tena ile kosa. Hakuna mutu aliyeuawa na Kimbangu. Hakuna nyumba aliyochoma, hakuna mali ya mutu aliyokula.

Wamisionari wa Kibaptisti, hata kama walikuwa na mashaka juu ya kazi yake, waliomba ahurumiwe. Mfalme Albert akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Basi wakamutoa kwao na kumuleta huku Katanga, zaidi ya kilomita 1500, mu inchi ambayo hakujua luga yake, mahali ambapo mutu wa kijiji chake hawezi kufika kumusalimia.

Sasa tusimame kidogo, maana hapa Katanga kuna jambo lingine tunapaswa kusema kwa haki. Miaka ine nyuma ya ile hukumu, mu 1925, alitokea Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa. Alikuwa mutu wa Nyasaland, akipita mu Rhodesia na huku kwetu mu vijiji vya mpaka. Naye alibatiza. Lakini ubatizo wake ulikuwa wa kutafuta walozi: yule aliyeonekana mulozi alizamishwa mu maji mpaka kufa. Watu mingi walikufa, hapa Katanga zaidi kuliko kule. Waingereza walimukamata, wakamunyonga mu 1926. Hapo mimi sina machozi. Dini inayoua jirani haiombi karatasi ku Leta, inangoja tribinali, kama muuaji mwingine yeyote.

Kumbe ile njo mizani. Kuna mutu anayezamisha watu mu maji, na kuna mutu anayewaambia watupe uganga na washike muke mumoja. Leta ya koloni iliweka wote wawili mu kapu moja, ikaandika juu yake: hatari. Na sheria ya kuwatofautisha haikukosekana. Mu mapatano ya Berlin ya 1885, yale yale yaliyompa Leopold nguvu ya kushika hii inchi, iliandikwa wazi kwamba uhuru wa dhamiri na wa kuabudu ni wa wageni na wa wenyeji vilevile. Wabelji walisoma ile mistari wakiona misioni zao tu. Mutu mweusi aweza kuwa Mukatoliki, aweza kuwa Mubaptisti. Kuanzisha kanisa yeye mwenyewe, hapana.

Kwa hiyo miaka ikapita. Wafuasi walikamatwa, wakatolewa ku vijiji vyao na kusambazwa mbali, wake kwa waume, mu provinse zote. Leta iliwaza kwamba ukitupa makaa mbali mbali, moto unazimika. Kila mahali walipotupwa, waliomba usiku. Kule N'kamba, Marie Muilu alibaki chini ya macho ya polisi, akilima shamba lake, na mu siri akishika kanisa lote mikononi. Watu wanasema mingi juu ya Kimbangu na kidogo sana juu ya huyu mama. Bila yeye, mimi naona, hakungekuwa kanisa la kuandika ku karatasi.

Watoto walikua. Mukubwa, Kisolokele, aliondolewa ku mama akiwa mudogo na kupelekwa shule ya Leta ku Boma. Mudogo, Diangienda, akafanya kazi mu maofisi ya koloni, kati ya Wabelji wenyewe. Akajifunza namna barua inaandikwa, namna faili inapanda kutoka meza moja mpaka ingine. Ile elimu ilikuja kufaa.

Tarehe 12 mwezi wa kumi 1951, Simon Kimbangu akafa hapa Elisabethville, angali mufungwa. Alikuwa na miaka 64. Hata juu ya kitanda chake cha kufa watu wanashindana: Wakatoliki wamoja walisema alibatizwa Mukatoliki mu saa ya mwisho, na wafuasi wake wanakataa kabisa. Yeye mwenyewe hayuko wa kujibu.

Nyuma ya ile kifo Leta ilitarajia mambo yaishe. Kumbe ilianza upya, mchana. Watoto wa Wakimbangu walifukuzwa mu shule za misioni, na wazazi wakafungua shule zao. Mu 1956 mamia ya waaminifu walitia mukono ku barua moja kwa gavana mukubwa: kama kuomba kwetu ni kosa, basi tukamate wote pamoja, sisi tutakusanyika tu na kungoja. Leta ifanye nini? Kufunga kila mutu haiwezekani. Na ilipotazama kweli, mara ya kwanza bila woga, iliona watu wanaolipa kodi, wanaofanya kazi, wasiokunywa, wenye shule. Mwisho wa 1957 ikaanza kuwaacha waombe bila kuwasumbua.

Marie Muilu alikufa tarehe 27 mwezi wa ine 1959. Karatasi ilisainiwa tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili, mwaka ule ule, siku moja mbele ya Noeli. Alikosa miezi nane tu.

Ile karatasi ilisema nini? Haikusema kwamba Kimbangu ni nabii wa kweli. Leta haina dawa ya kupima ile, na mpaka leo makanisa mengine yanabishana sana na Wakimbangu juu ya mafundisho yao. Karatasi ilisema tu kwamba hawa watu wana jina mbele ya sheria: wanaweza kukusanyika bila kukamatwa, kununua uwanja, kujenga, kufungua shule na dispensari. Mambo ambayo misioni ya Wazungu ilikuwa nayo toka zamani.

Mu 1960 kaburi la Elisabethville likafunguliwa, na mu mwezi wa ine mabaki ya Kimbangu yakazikwa N'kamba. Miezi michache mbele Kisolokele, yule mutoto waliyemutoa ku mama, alikuwa minisita mu serikali ya Lumumba. Diangienda akaongoza kanisa mpaka likaingia, mu 1969, mu Baraza la Makanisa la dunia nzima.

Kisha, mwisho wa 1971, Mobutu akatoa sheria yake juu ya dini. Kanisa la Kimbangu likawekwa pamoja na Wakatoliki na Waprotestanti, kati ya yale machache yaliyokubaliwa na Leta. Makanisa madogo mengi yakabaki inje, bila jina. Kwao, kuomba pamoja kulirudi tena kuwa kosa, na kati yao kulikuwa Wakongo waliojiita, wao vilevile, watoto wa Kimbangu.