Alan Blumlein: Mvumbuzi wa stereo aliyeanza na sikio kabla ya mashine

MNUNUZI wa risiva ya sinema ya nyumbani, hasa yule anayenuia kuiunganisha na amplifaya za nje, kwa kawaida huanza kwa kuuliza mashine ina wati ngapi. Alan Dower Blumlein, mhandisi Mwingereza aliyevumbua mfumo wa stereo mnamo 1931, alianzia kwingine. Alitaka kujua sikio la binadamu hutambuaje upande sauti inakotoka, kisha akaunda mitambo ya kulitii sikio hilo.

Jibu alilolipata limekuwa msingi wa muziki na filamu tunazosikiliza kwa spika mbili au zaidi. Hata hivyo, jina lake halivumi kama la Thomas Edison au Guglielmo Marconi. Alifariki 1942 akiwa na umri wa miaka 38, katika kazi ya siri ya vita, na kwa muda mrefu umma haukuelezwa namna alivyokufa wala alichokuwa akikifanya.

Mhandisi wa miaka saba

Blumlein alizaliwa Juni 29, 1903, katika mtaa wa Hampstead, London. Babake, Semmy Blumlein, alikuwa mzaliwa wa Ujerumani aliyechukua uraia wa Uingereza. Mamake, Jessie Dower, alikuwa binti ya mmishonari kutoka Scotland aliyehudumu Afrika Kusini.

Akiwa na umri wa miaka saba, mtoto huyo alitengeneza kengele ya mlango wa nyumbani kwao, kisha akamkabidhi babake ankara ya kazi hiyo akijitambulisha kama mhandisi wa umeme. Masomo mengine hayakumvutia vile. Dadake alisimulia kwamba Alan hakuweza kusoma vyema hadi alipotimu miaka 12. Yeye mwenyewe hakukana, ila alisisitiza kwamba kufikia wakati huo tayari alikuwa akizijua hesabu nyingi za aljebra.

Baada ya kusoma katika shule ya Highgate, alipata ufadhili wa kujiunga na chuo cha City and Guilds jijini London, akaingia moja kwa moja mwaka wa pili. Alihitimu 1923 kwa shahada ya daraja la kwanza. Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni ya International Western Electric iliyoshughulikia simu.

Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kupima jinsi sikio la binadamu linavyopokea sauti za juu na za chini. Kwa kijana aliyependa saketi, kazi hiyo ingeweza kuonekana ya pembeni. Lakini ndiyo iliyomfunza kwamba kipimo kinachosomwa kwenye mtambo na kile anachokisikia mtu ni mambo mawili yasiyolingana daima.

Jioni ya sinema

Mnamo 1929, Blumlein alihamia kampuni ya santuri ya Columbia, chini ya Isaac Shoenberg. Kampuni hiyo ilikuwa ikilipa ada kwa Wamarekani kila ilipotumia kifaa chao cha kuchongea santuri. Shoenberg alimtaka Blumlein atafute njia ya kuukwepa mzigo huo kihalali. Alifanya hivyo kwa kubuni kifaa kipya kilichofanya kazi kwa namna tofauti kabisa, na chenye sauti safi zaidi.

Mwaka wa 1931, Columbia iliungana na kampuni ya Gramophone na kuzaa EMI, iliyokuwa na maabara yake katika mji wa Hayes, magharibi mwa London.

Inasimuliwa kwamba mwaka huo Blumlein alikwenda kutazama filamu pamoja na mchumba wake, Doreen Lane. Filamu zenye sauti zilikuwa bado ngeni, na sauti yote ilitoka mahali pamoja. Mwigizaji alikuwa upande mmoja wa pazia, na maneno yake yakasikika kutoka upande mwingine. Watazamaji wengi walilichukulia jambo hilo kuwa la kawaida. Blumlein alimwambia Doreen kwamba alikuwa na njia ya kuifanya sauti imfuate mwenyewe popote anapokwenda. Wawili hao walifunga ndoa 1933 na kujaliwa wana wawili, Simon na David.

Ombi lake la hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, liliwasilishwa Desemba 14, 1931, na kukubaliwa Juni 1933 kwa nambari 394,325. Lilikuwa na madai 70 yaliyogusa karibu kila hatua: jinsi ya kupanga maikrofoni mbili, jinsi ya kuzihifadhi sauti mbili katika mfuo mmoja wa santuri, na jinsi ya kuzirudisha kwa msikilizaji kupitia spika mbili.

Ugumu aliokuwa ameutatua ni huu. Masikio yetu hutambua upande wa sauti kwa tofauti ndogo za wakati na za nguvu baina ya sikio la kulia na la kushoto. Lakini mtu akiketi mbele ya spika mbili, kila sikio husikia spika zote mbili kwa pamoja. Blumlein alionyesha kwamba, kwa kurekebisha tofauti za nguvu pekee kati ya spika hizo, masikio hupokea tofauti zinazofanana na zile za sauti halisi. Msikilizaji basi husikia mtu akizungumza mahali ambapo hapana spika yoyote.

Hakuwa peke yake katika uwanja huo. Aprili 1933, maabara za Bell nchini Marekani zilirusha muziki wa okestra ya Philadelphia hadi Washington kwa mikondo mitatu ya sauti: kushoto, katikati na kulia. Mfumo wa Wamarekani hao ulihitaji vifaa vingi zaidi. Ule wa Blumlein ungeweza kuingia katika santuri moja na sebule moja.

Treni za Hayes

Mnamo Januari 1934, alirekodi mazoezi ya okestra ya London Philharmonic chini ya Thomas Beecham katika studio za Abbey Road. Mwaka wa 1935, yeye na wenzake walipiga filamu fupi za majaribio. Katika moja yazo, treni zinapita katika stesheni ya Hayes na mngurumo wake unasafiri nazo kutoka upande mmoja wa pazia hadi mwingine. Katika nyingine, watu wanatembea jukwaani wakizungumza, na sauti zao zinawafuata.

Kwa mtazamo wa leo, huo ndio uliokuwa mwanzo wa sinema ya nyumbani. Lakini EMI haikuona soko. Hali ya uchumi duniani ilikuwa mbaya, mauzo ya santuri yalikuwa yameshuka, na kampuni ilikuwa imeelekeza nguvu zake katika televisheni. Stereo ikawekwa kando. Santuri za stereo hazikuanza kuuzwa kwa wingi hadi 1958, zikitumia mbinu ya mfuo mmoja wenye kuta mbili ambayo ilikuwa imeelezwa ndani ya hataza yake miaka 27 mapema.

Blumlein naye alihamishiwa kwenye televisheni. Alikuwa miongoni mwa wahandisi wakuu wa mfumo wa mistari 405 ambao BBC ilianza kuutumia Novemba 2, 1936, kutoka jumba la Alexandra Palace. Mfumo huo ulidumu Uingereza hadi 1985.

Kazi hiyo ilizaa uvumbuzi mwingine. Mnamo Mei 12, 1937, picha za siku ya kutawazwa kwa Mfalme George VI zilisafirishwa kwa waya kutoka Hyde Park Corner hadi Alexandra Palace. Waya mrefu huokota kelele za umeme njiani. Blumlein alikuwa amebuni saketi ya valvu mbili inayokuza tofauti tu iliyopo kati ya waya mbili, na kukitupa chochote kilichoingia katika zote kwa pamoja. Kelele huingia kwa pamoja, hivyo hutupwa. Valvu zilipopisha transista, saketi hiyo ilibaki, na hadi leo imo katika hatua ya kwanza ya amplifaya nyingi.

Mwaka huohuo aliomba hataza ya mbinu ya kupunguza upotoshaji wa sauti katika amplifaya za valvu, ambayo ilipata umaarufu miaka ya 1950 baada ya wahandisi wa Marekani kuitangaza. Kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa na hataza 128.

Safari ya mwisho

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, Blumlein alijiunga na kazi ya rada. Kikosi chake kilikuwa kikisaidia kuunda H2S, chombo kilichowawezesha marubani kuona sura ya ardhi iliyo chini yao hata usiku au penye mawingu.

Jumapili, Juni 7, 1942, alipanda ndege ya Halifax katika uwanja wa Defford kwenda kukijaribu chombo hicho angani. Pamoja naye walikuwa wenzake wawili wa EMI, Cecil Browne na Frank Blythen. Injini moja ilishika moto na ndege ikaanguka karibu na kijiji cha Welsh Bicknor, katika jimbo la Herefordshire. Watu wote 11 waliokuwemo waliangamia. Uchunguzi uligundua kwamba nati moja katika injini haikuwa imekazwa wakati wa ukaguzi.

Kazi haikukoma. H2S ilitumika vitani kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Januari 1943. Lakini kwa kuwa chombo hicho kilikuwa siri, na adui hakupaswa kujua ni pigo gani Uingereza imepata, kifo cha Blumlein hakikutangazwa ipasavyo. Stereo ilipofika madukani, wengi walioinunua hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake.

Urithi wake sebuleni

Ni katika sebule ambapo fikra zake hupimwa kila siku, na anayepanga risiva yenye amplifaya za nje ana mengi ya kujifunza kutoka kwake.

Risiva ni ubongo wa mfumo: hupokea sauti na picha, hugawa sauti katika mikondo, na kwa kawaida huwa na amplifaya zake za ndani. Mikondo yote saba au tisa hugawana chanzo kimoja cha umeme, na wati zinazotangazwa kwenye katoni mara nyingi hupimwa mikondo miwili tu ikifanya kazi. Ndiyo maana wengine huongeza amplifaya za nje. Anayenuia kufanya hivyo sharti akague kwanza kama nyuma ya risiva kuna tundu zilizoandikwa PRE OUT, kwa maana zisipokuwepo, hakuna pa kuichomeka amplifaya hiyo ipasavyo.

Lakini sikio, kama Blumlein alivyojua, halihesabu wati. Kuongeza nguvu maradufu huleta desibeli tatu pekee, ambazo msikilizaji huzitambua kama ongezeko dogo. Katika chumba kidogo chenye spika zisizohitaji nguvu nyingi, huenda fedha za amplifaya ya nje zikafaa zaidi kununulia spika bora. Chumba kikiwa kikubwa, au spika zikiwa ngumu kuendesha, amplifaya ya nje ina kazi, nayo ianzie kwa spika tatu za mbele. Tatu hizo zifanane na zihudumiwe kwa usawa, la sivyo sauti ya mwigizaji itabadilika anapovuka kioo cha televisheni, kasoro ya aina ileile iliyomkera Blumlein 1931.

Spika za kushoto na kulia zipangwe ili pamoja na kiti cha msikilizaji ziunde pembetatu yenye pande sawa. Nyaya za chanya na hasi zisipishane: zikigeuzwa kwa spika moja, sauti ya katikati hutawanyika na besi hupungua. Amplifaya ya nje ikishafungwa, upimaji wa maikrofoni unaofanywa na risiva urudiwe upya, kwa kuwa amplifaya hiyo haikuzi sauti kwa kiwango kilekile cha zile za ndani. Umbali wa kila spika nao uingizwe sawasawa, maana sauti huchukua takriban milisekunde tatu kusafiri mita moja, na sikio hulitambua pengo hilo.

Nyaya zote ziunganishwe umeme ukiwa umezimwa. Wakati wa kuwasha, risiva itangulie na amplifaya ifuate. Wakati wa kuzima, amplifaya itangulie. Mvumo ukisikika, vyombo vyote vijaribiwe kwenye soketi moja ya ukutani. Pale waya unapokuwa mrefu, na vyombo vyote viwili vikiwa na tundu za XLR, nyaya za aina hiyo hupunguza kelele kwa kanuni ileile ya kukuza tofauti pekee ambayo Blumlein aliitumia 1937.

Heshima zilimfikia taratibu. Mnamo 1977, bamba la kumbukumbu liliwekwa kwenye nyumba aliyoishi mtaani Ealing, London. Jingine liliwekwa katika studio za Abbey Road 2015 na taasisi ya wahandisi ya IEEE. Na mwaka wa 2017, miaka 75 baada ya ndege yake kuanguka, Blumlein alitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi nchini Marekani. Filamu ya treni za stesheni ya Hayes bado ipo, na kila inapochezwa kwa spika mbili zilizopangwa vyema, mngurumo huzifuata treni hizo hadi mwisho wa reli.