Elsie de Wolfe: Mwigizaji aliyeufanya upambaji wa nyumba kuwa kazi ya kulipwa

MWAKA 1905 mwigizaji wa jukwaani jijini New York, Elsie de Wolfe, aliachana na kazi aliyoifanya kwa takriban miaka 14, akasambaza kadi zenye picha ya mbwa mwitu aliyeshika ua, kuwajulisha matajiri wa jiji hilo kuwa sasa anapamba nyumba.

Tangazo hilo lilikuwa geni kwa wakati ule. Nyumba za wenye fedha zilipambwa na wasanifu majengo, wauza samani za kale na mafundi wa makochi na mapazia, karibu wote wakiwa wanaume, na ujira wa ushauri wao ulijificha ndani ya bei ya bidhaa.

Elsie hakuwa na karakana wala duka. Alichokiuza ni uamuzi wa kiti gani kikae wapi na ukuta upakwe rangi gani. Ni kweli kwamba Candace Wheeler alikuwa amemtangulia tangu miaka ya 1880, lakini mwanamama huyo alifahamika zaidi kwa vitambaa na kazi za darizi.

Umri wake wakati huo ni suala la mjadala, kwa kuwa alipenda kuuficha. Vipo vitabu vinavyosema alizaliwa New York mwaka 1859, na vingine 1865. Kwa hesabu yoyote ile, hakuwa binti tena, na wala hakuwa na urithi wa kumtunza.

Baba yake alikuwa daktari mwenye asili ya Kanada na mama yake alitoka katika ukoo wa Kiskoti. Ujanani alipelekwa Uskoti, ambako aliingizwa katika maisha ya wakubwa hadi kufikishwa mbele ya Malkia Victoria. Baba alipofariki aliacha madeni, na mwaka 1891 binti huyo akaanza kuigiza kwa malipo.

Jukwaani hakung'ara sana. Watazamaji walivutiwa zaidi na magauni yake kutoka Paris kuliko uigizaji wake, jambo ambalo kwa mwigizaji ni sifa yenye uchungu, ingawa ndilo lililoonyesha kipaji chake kilikuwa wapi.

Aliishi na Elisabeth Marbury, wakala wa waandishi wa tamthilia aliyewahi kuwawakilisha Oscar Wilde na George Bernard Shaw, katika nyumba ya Irving Place. Humo ndimo alimojifunzia kazi. Aliondoa mapazia mazito na mapambo yaliyorundikana, mbao nyeusi akazipaka rangi nyeupe, na mahali pa samani za giza akaweka viti vyepesi vya Kifaransa vya karne ya 18. Wageni waliofika hapo kwa ajili ya Marbury walitoka wakiizungumzia nyumba.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa Colony Club, klabu ya wanawake wa tabaka la juu iliyoanzishwa mwaka 1903. Msanifu wa jengo lake, Stanford White, ndiye aliyempigia debe, licha ya kwamba hakuwahi kukabidhiwa mradi wa aina hiyo. Kabla jengo halijafunguliwa, White aliuawa kwa kupigwa risasi, Juni 1906, na Elsie akabaki na kazi bila mlezi wake.

Klabu hiyo ilipofunguliwa mwaka 1907, kilichovuta macho kilikuwa ukumbi wa chai ambao kuta zake zilifunikwa kwa fito za mbao zilizosukwa kama uzio wa bustani. Vyumba vingine alivipamba kwa kitambaa cha pamba chenye maua, ambacho hadi wakati huo kilionekana kuwa cha nyumba za shamba, si cha mabibi wa mjini. Maombi ya kazi yakaanza kumiminika.

Baadaye alishirikiana na msanifu Ogden Codman kununua nyumba nyembamba ya Mtaa wa 71 Mashariki na kuijenga upya ndani, ili watu waone kwa macho yao kinachowezekana katika nyumba ya kawaida ya mjini.

Mwaka 1913 kilichapishwa kitabu chake, The House in Good Taste. Sehemu kubwa ya maandishi hayo iliandikwa na Ruby Ross Goodnow, mwanahabari ambaye baadaye naye aligeuka kuwa mpambaji mashuhuri. Jina la jaladani, hata hivyo, lilikuwa la Elsie peke yake.

Mteja aliyemtajirisha ni Henry Clay Frick, tajiri wa chuma, aliyemkabidhi vyumba vya familia vya ghorofa ya juu katika jumba lake la Fifth Avenue. Malipo yalikuwa asilimia 10 ya thamani ya vitu alivyonunua, kwa sharti kwamba asipokee chochote kutoka kwa wauzaji. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1935 alisimulia kuwa Frick, akiwahi gofu, alimpa nusu saa tu ya kumwonyesha samani jijini Paris, na akanunua nyingi. Elsie alijua kutia chumvi, lakini vyumba hivyo vipo. Vilifunguliwa kwa umma mwaka 2025 baada ya jumba hilo kukarabatiwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliuguza wanajeshi walioungua moto nchini Ufaransa, na serikali ya huko ikamtunuku nishani.

Mwaka 1926 aliolewa na Sir Charles Mendl, ofisa wa ubalozi wa Uingereza jijini Paris. Waandishi wa maisha yake wanaeleza kuwa Marbury, aliyemsaidia tangu enzi za jukwaa, aliumizwa na hatua hiyo. Hata hivyo, alipofariki mwaka 1933, mali yake alimwachia Elsie.

Vita ya pili ilimkimbiza hadi California. Baadaye alirejea Villa Trianon, nyumba yake ya Versailles aliyokuwa ameitengeneza kwa miongo kadhaa, na humo akafariki Julai 12, 1950.